Asubuhi Nzima kwa Mkao Mmoja

Mkao wa trikonasana hufundishwa wiki ya kwanza. Mwanafunzi anatanua miguu kiasi cha futi tatu au tatu na nusu, anageuza wayo wa kulia utazame nje, ananyoosha mikono pembeni, kisha anainama upande wa kulia mpaka kiganja kifike kwenye kifundo cha mguu, mkono wa kushoto ukiwa umesimama wima juu yake. Mtu mwenye afya ya kawaida ataufanya kwa namna fulani siku hiyo hiyo. Lakini kwenye semina za juu za walimu wa yoga, hasa za njia ya B.K.S. Iyengar wa India, watu waliofundisha miaka kumi au ishirini humaliza asubuhi nzima juu ya mkao huu huu, na wakitoka kwenda kula bado wanaubishania.

Anayesikia kwamba haya ni mafunzo ya juu hufikiria miguu iliyopandishwa nyuma ya shingo. Mikao hiyo ipo, na wapo wanaoifanya kwa uzuri wa kutisha. Lakini mwili unaopinda ni mali ya mwenye nao, hawezi kumgawia mwanafunzi. Anachoweza kumgawia ni jicho lake na maneno yake, na hivyo ndivyo vinavyonolewa katika semina hizi. Ufundi wenyewe, kwa maoni yangu, uko hapo, nao haupigwi picha.

Zoezi moja huenda hivi. Mwalimu anaitwa katikati ya ukumbi, anafanya trikonasana, wenzake wanamzunguka. Mkufunzi anauliza: mnaona nini? Majibu ya kwanza karibu siku zote ni kuhusu mkono wa juu, kwa kuwa ndio ulio mbele ya macho: umeegemea nyuma, vidole vimelegea. Mkufunzi hawapingi, anauliza tena. Sasa yupo anayeona kwamba kifua kimeelekea sakafuni. Mwingine ameona ubavu wa chini umefupika, kwani mkono uliikimbilia sakafu kabla ya nyonga kujikunja. Wa tatu anasema shingo imekaza. Yote ni kweli. Ndipo mkufunzi anapowaambia washushe macho hadi mguu wa nyuma, ambao hakuna aliyeutaja. Ukingo wa nje wa wayo umeinuka kidogo mno, na uzito wote umemwagikia mguu wa mbele. Anamwagiza yule aliyesimama jambo moja tu: kandamiza ukingo wa nje wa kisigino cha nyuma. Paja linaamka, nyonga inarudi mahali pake, kifua kinageuka chenyewe kutazama mbele, na shingo, ambayo hakuna aliyeigusa wala kuisemea, inalegea.

Kosa huonekana huku, kumbe limezaliwa kule. Mwalimu mchanga hurekebisha palipoonekana: anauvuta mkono, anausukuma mkono, na mwanafunzi akirudi nyumbani mkono unarudi ulikokuwa. Aliyeiva hufuata kosa mpaka chanzo chake, na mara nyingi chanzo kiko karibu na sakafu. Kwa hiyo walimu hawa huzoezwa kuusoma mwili kuanzia chini kwenda juu: wayo, kifundo, goti, paja, nyonga, mbavu, na mwisho kabisa kichwa, ambacho macho ya kawaida hukitazama kwanza.

Goti lina hila zaidi. Kuna watu ambao viungo vyao ni vilegevu, na wakinyoosha mguu, goti linarudi nyuma kupita mstari wa mguu. Kwa asiyejua, mkao huo ni mzuri kuliko wote ukumbini, na mwenyewe husifiwa. Kumbe misuli imelala na uzito unaning'inia kwenye kano za goti, bila maumivu yoyote, kwa miaka, mpaka siku yatakapokuja. Jirani yake ni mtu mgumu, fundi wa kukaa ofisini, ambaye goti lake limekunjika kidogo na hata mwenyewe hajui. Sasa mwalimu akipaza sauti kwamba magoti yakazwe, amemponya mmoja na kumuumiza mwingine kwa neno lile lile. Huyu mlegevu angewekewa kipande cha mbao nyuma ya muundi, chini tu ya goti, ajifunze kusimama bila kukiegemea. Yule mgumu kisigino chake cha nyuma kingeegemezwa ukutani apate pa kusukumia. Semina nzima inaweza kwenda kwenye tofauti hiyo peke yake, na sioni kama muda umepotea.

Na hapo ni watu wawili. Darasa lina watu thelathini. Nani hajamwona mwalimu wa chuo cha Kurani, watoto wamemzunguka, kila mmoja na aya yake kwa sauti yake, yeye kainamisha kichwa na tasbihi mkononi? Mmoja akikosea irabu, anamsahihisha kwa jina bila kuinua uso. Mwalimu wa yoga aliyefika hufanya hivyo kwa macho. Hazungukii wanafunzi mmoja mmoja. Anasimama mahali anapoona nyayo nyingi zaidi, anapitisha macho mara moja, anajua kosa gani limeenea darasa zima na lipi ni la mtu mmoja. Lililoenea analisemea kwa wote. La mmoja analifuata alipo. Ndiyo maana zile picha za kila tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014, za viwanja vilivyojaa maelfu ya watu na mtu mmoja jukwaani, hunipa furaha ya sherehe tu. Kisigino hakuna anayekiona pale.

Jicho la namna hii lina historia. Bellur Krishnamachar Sundararaja Iyengar alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, jimbo la leo la Karnataka, wakati homa ya mafua ilipokuwa ikiua duniani kote, na utotoni akaandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Shemeji yake, T. Krishnamacharya, mume wa dada yake, alikuwa akifundisha yoga Mysore chini ya hisani ya maharaja, naye alikuwa mtu mkali. Mwaka 1937 alimtuma kijana huyu Pune kwenda kufundisha. Alikuwa na miaka kumi na minane. Kimarathi hakukijua, Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na wanafunzi wake walimzidi umri, elimu na nguvu. Mwalimu wake alikuwa mbali, hakuna wa kumuuliza. Alichobaki nacho ni kujaribu juu ya mwili wake saa nyingi kila siku, kisha kutazama kwenye miili ya wengine kama kile alichokiona kwake kipo na kwao. Sidhani kama jicho lile lingezaliwa Mysore, pembeni mwa mtu aliyekuwa na jibu la kila swali.

Mwaka 1952 alikutanishwa Bombay na Yehudi Menuhin, mpiga fidla maarufu, aliyekuwa mchovu na asiyepata usingizi. Miaka miwili baadaye Menuhin alimwalika Uswisi, na akampa saa ya mkononi iliyochongwa maneno ya kumshukuru kama mwalimu wake bora wa fidla. Mtu anaweza kucheka, maana Iyengar hakuwa mpiga fidla. Lakini mpiga fidla anaishi kwa mabega, shingo na pumzi, na huyu ndiye aliyemwonyesha ni wapi hasa anavibana. Kwa mlango wa Menuhin akaingia Ulaya, akamfundisha hata Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, mama mkongwe aliyepita miaka themanini, kusimama kwa kichwa. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1966, chenye mikao 200 na picha karibu 600, kilimfikisha kwa wengine wote.

Ila kitabu hakioni. Mambo yalibadilika London, mamlaka ya elimu ya jiji ilipokubali yoga iingie katika madarasa ya jioni ya watu wazima, kwa masharti: yasiwe mahubiri, na walimu wapite mikononi mwa Iyengar. Ghafla walihitajika watu wa kufundisha ambao si yeye. Jicho lake hawakuwa nalo, na hisia zake mwilini mwao hazikuwapo. Ilibidi ule ujuzi uvunjwevunjwe vipande ambavyo mtu wa kawaida, mama wa nyumbani au mwalimu wa shule ya msingi, angeweza kuvibeba na kuvipitisha. Hapo ndipo palipotengenezwa lugha ya darasa, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote walizozifanya.

Lugha yenyewe ni kavu. Inaanza na kitendo, inataja kiungo, inataja upande: kandamiza kisigino, kwenda chini, ukingo wa nje. Mwalimu anatoa agizo moja. Ananyamaza. Anatazama kama limetendeka. Ndipo analitoa la pili, na hilo la pili linatokana na alichokiona, si na alichokiandika daftarini jana usiku. Kule kunyamaza ndiko kugumu. Walimu wengi huogopa ukimya, wanaujaza kwa "haya", "taratibu jamani", "vizuri sana", na mwanafunzi anaacha kusikiliza kwa kuwa hajui tena lipi ni agizo na lipi ni kelele. Kwenye semina mtu hufundisha dakika kumi mbele ya wenzake, kisha anasomewa maneno yote aliyoyasema ambayo hayakuhitajika. Inauma, na inasaidia.

Lipo zoezi jingine ambalo huwachekesha watu sana. Mwalimu mmoja anamfundisha mwenzake, na mwenzake ameapa kufanya alichoambiwa tu, bila kuongeza kitu kutoka kichwani mwake. Akiambiwa tanua miguu, anaitanua nusu hatua, maana hakuambiwa kiasi gani. Akiambiwa nyoosha mikono, anainyoosha mbele, maana pembeni hakutajwa. Akiambiwa inama kulia, anapinda mgongo na kuangusha kichwa, maana hakuambiwa ainamie kutoka wapi. Mwalimu wa miaka kumi na tano anasimama pale jasho likimtoka, anagundua kwamba kwa muda wote huo wanafunzi wake walikuwa wakimfanyia hisani ya kubahatisha.

Akionyesha mwenyewe mbele ya darasa, anageuka kuwa kioo: anasema mguu wa kulia huku akigeuza wa kushoto, ili wanaomtazama wasivurugike. Na anapoonyesha husema machache, maana mtu hawezi kutazama kwa makini na kusikiliza kwa makini kwa wakati mmoja. Mambo madogo haya. Lakini jaribu kusema kulia huku ukitenda kushoto kwa saa moja na nusu, uone.

Mwaka 1975 Iyengar alifungua chuo chake Pune, akakipa jina la mkewe Ramamani, aliyefariki miaka miwili kabla. Ndani ya ukumbi kuna vitu ambavyo mgeni angedhani ni bohari: kamba zinazoning'inia kwenye nondo za madirisha, mikanda, vipande vya mbao, mito mirefu, viti vya chuma vya kukunja vilivyoondolewa egemeo, mabenchi yaliyopinda. Vingi vya namna hii alivibuni au kuvirekebisha kwa ajili ya watu ambao mikao iliwakataa, wagonjwa, wazee, waja wazito, na madarasa ya wagonjwa pale chuoni yakawa shule ya namna yake kwa walimu waliokwenda kusaidia. Unapewa mtu mmoja mwenye mgongo mbovu, na lazima ujue kiti kikae wapi.

Blanketi ndilo linalonivutia kuliko vyote. Katika kusimama kwa mabega, mtu akilala sakafuni tupu na kuinua kiwiliwili, uzito huelemea pingili za shingo. Iyengar aliweka mabega juu ya mablanketi kadhaa yaliyokunjwa, kichwa kikabaki chini sakafuni, na shingo ikapata nafasi ya kupinda bila kubanwa. Kwa kusikia ni rahisi. Basi njoo uone walimu watu wazima wakifundishwa kukunja blanketi: pindo zote zilingane, mkunjo uliofungwa uelekee kwenye shingo, matamvua yatoke upande wa pili, pasiwe na kunyanzi hata moja chini ya mabega. Blanketi lililokunjwa ovyo huinua bega moja, na bega moja likiinuka shingo inazunguka, tena mtu akiwa juu chini na hawezi kujiona. Mkufunzi mzuri hupita kati ya mistari kabla mtu hajalala, anatazama mablanketi tu. Lililo baya anasema likunjwe upya.

Kuhusu mikono ya mwalimu nina la kusema. Iyengar alikuwa mkali, na kiganja chake kiliwashukia wanafunzi mapajani na mabegani kwa nguvu. Wapo waliomshukuru kwa hilo na wapo walioondoka wasirudi. Simlaumu mtu aliyeondoka. Semina za siku hizi zinafundisha kugusa kwa namna nyingine: kwanza omba ruhusa, kisha gusa kuelekeza badala ya kusukuma, na usigandamize kiungo kwenda mahali ambapo misuli ya mwenyewe haijakipeleka. Mkono unapowekwa kwenye kombe la bega unasema "hapa" na kuondoka. Hilo halijapunguza ufundi, limeuongezea ugumu, kwa sababu nguvu huficha ujinga na mguso mwepesi hauufichi.

Miaka ya mwisho ya maisha yake mzee huyu, akiwa amevuka tisini, alikuwa akifanya mazoezi yake nyuma ya ukumbi huku mjukuu wake Abhijata akifundisha jukwaani. Kutoka huko nyuma, akiwa amejilaza juu ya benchi kifua kikiwa wazi, alimpigia kelele amwambie mwanafunzi fulani hiki, awasimamishe wote wajaribu kile. Mjukuu alipaswa kulisikia, kulielewa kwenye mwili wake papo hapo, kisha kulisema kwa maneno ambayo watu mia moja wangeweza kuyatenda. Alikuwa akifundisha na kufundishwa kwa pumzi moja, mbele ya watu. Sijui fani nyingine nyingi ambazo mwalimu anakubali kusahihishwa namna hiyo hadharani bila kuhisi ameaibishwa, na pengine hii ndiyo sababu walimu wa njia hii hawaoni haya kurudi kukaa kwenye mkeka wakiwa na mvi.

Geeta, binti wa Iyengar, alikuwa na kipaji tofauti. Ndiye aliyefikiria kwa kina miili ya wanawake, hedhi, mimba, ukomo wa hedhi, na mwaka gani wa maisha unahitaji mkao upi. Na ndiye aliyekuwa wa kusikilizwa kwenye mambo ya pumzi. Pranayama hufundishwa mtu akiwa amelala chali kwanza, kifua kimeinuliwa kwa blanketi jembamba, bila kulazimisha chochote, na hapa lile jicho la visigino halina kazi. Mwalimu anatazama koo limekaza au halikukaza, ngozi ya paji la uso, mboni chini ya kope. Sauti nayo inabadilika: ile ya amri iliyosimamisha watu kwenye trikonasana ingewavuruga hapa. Wakufunzi huwapa walimu nusu saa ya kulaza watu kwenye shavasana tu, mkao wa maiti, wajifunze kunyamaza kwa wakati. Mwezi Desemba 2018, karne moja tangu baba yake azaliwe, Geeta aliwafundisha Pune wanafunzi zaidi ya elfu moja kutoka nchi nyingi, walimu wengi wao, na alifariki siku chache baada ya kumaliza.

Je, inachukua muda gani kumpata mwalimu? Kipimo kilichoenea duniani ni cha shirika la Marekani la Yoga Alliance, lililoanzishwa mwaka 1999: saa 200, na 500 kwa anayetaka zaidi. Saa mia mbili zinaweza kumalizwa kwa mwezi mmoja pwani yenye upepo mzuri. Sisemi hazifai kitu, zinafungua mlango. Njia ya Iyengar humtaka mtu awe mwanafunzi miaka kadhaa kwanza, awe na mlezi, kisha asimame mbele ya watahini: afanye mikao yake mwenyewe, halafu afundishe watu asiowajua, mikao aliyopangiwa, huku watahini wakiandika. Nairobi, Africa Yoga Project tangu mwaka 2007 imewatoa vijana wengi wa mitaani kuwa walimu wanaofundisha mashuleni na magerezani. Mtindo wao ni wa mwendo, mkao unaingia kwenye mkao pamoja na pumzi, na mara nyingine nafikiri kuona kosa huko ni kugumu zaidi, kwa kuwa kisigino hakikungojei.

Semina ikiisha kila mtu ana daftari limejaa. Wazoefu hulifungia, wanajaribu wenyewe wiki kadhaa, na darasani hawasemi neno mpaka jambo limewaingia mwilini. Wageni hawawezi kujizuia. Jumatatu asubuhi wanawasimamisha watu kwenye trikonasana dakika nne, wanawapa ukingo wa nje wa kisigino, muundi, paja, mfupa wa mkia, ubavu wa chini, kombe la bega na kidole gumba, vyote kwa pumzi moja, mpaka mzee wa mstari wa nyuma anakaa chini, anamgeukia jirani na kumnong'oneza kwamba huyu leo katoka semina.